Gundi Niliyoiweza

Kifuniko cha chupa kilikuwa chekundu, na kilikuwa kimenata. Gundi nyeupe ya mbao ina tabia hiyo: ukiifunga bila kupangusa mdomo wa chupa, inakaukia kwenye hesi, ile mizunguko ya kukazia kifuniko, na kesho yake kifuniko na chupa vimekuwa kitu kimoja. Mtu mwenye mikono mizima anakishika, anakizungusha, kinalia kidogo, basi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikukiweza. Nilisubiri mwenye karakana aingie chumba cha nyuma, nikakifungua kwa meno.

Hiyo ilikuwa Stockholm, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa baridi. Nilikuwa nimekuja miaka miwili nyuma kumsaidia dada yangu. Kwetu ni Morogoro. Yeye ni wa kwanza kuzaliwa na mimi ni kitindamimba. Mumewe aliletwa huku kujifunza ufundi wa simu, dada akamfuata, akapata kazi ya kuhudumia wagonjwa hospitalini, na walipopata mtoto wakaniita nije kumlea. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilikuwa nakaa tu nyumbani. Tuliishi Hagsätra, mahali treni inapofika mwisho na kugeuka. Mtoto alipopata nafasi ya kulelewa mchana pamoja na wenzake, nikatafuta kazi. Niliipata ya kusafisha kwenye uwanja wa ndege, kule Märsta, upande wa pili kabisa wa mji. Kazi yenyewe ilikuwa ndoo, maji, na tambara. Kuchovya, kukamua, kupangusa, kuchovya, kukamua.

Baada ya miezi minane vidole vyangu vilianza kuvimba kwenye vifundo. Asubuhi sikuweza kukunja ngumi. Kufunga vifungo vya gauni kulinichukua muda wa kuchemsha chai. Dada akanipeleka hospitali, na daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, akabonyeza kifundo kimoja kimoja kama mtu anayechagua maparachichi. Akasema ni baridi yabisi. Nilishangaa. Kwetu huo ni ugonjwa wa wazee, wa watu wanaotoka nje asubuhi wakakaa juani na kunyoosha miguu. Nilidhani pia kwamba ni maji ya ndoo yaliyouleta. Daktari akasema hapana, maji hayakuuleta, ugonjwa huu humshika hata mtoto mdogo. Lakini kukamua kunauchochea. Akanipa vidonge, na akanipa neno moja ambalo nililishika: kila unapoweza, tumia kiganja, tumia mkono mzima, tumia bega, vidole viache vipumzike.

Kazi ya ndoo ikaishia hapo. Ofisi ya kazi ikanipeleka kwenye karakana ndogo ya kutengeneza viti, chini ya jengo la makazi, vituo vichache kutoka kwetu. Mwenye karakana alikuwa mzee mrefu, mwembamba, aliyebaki peke yake tangu mwenzake alipostaafu. Karatasi niliyompelekea ilisema tu kwamba nisipewe kazi ya kukamua, haikueleza sababu. Makubaliano yalikuwa miezi mitatu ya majaribio. Ikiisha, angeiandikia ofisi barua: anaiweza kazi, au haiwezi. Hakuna aliyeniambia ningepelekwa wapi nikishindwa, lakini nilijua. Kwa msichana wa darasa la saba, mwenye Kiswidi cha masomo ya jioni, sakafu za kusafisha hazikosekani.

Na mimi nilikuwa nimeshaipenda ile karakana. Viti vilikuja kutoka shuleni, kwenye mikahawa, kwenye kumbi za kanisa, miguu imelegea. Unakigonga kiti kwa nyundo ya mbao mpaka viunganishi, zile mbao zinazoshikanisha miguu, vitoke, unakwangua gundi ya zamani, unapaka mpya kwenye ulimi wa mbao na ndani ya tundu lake, unavikutanisha, unakibana na kukiacha mpaka kesho. Kinaingia kikichechemea, kinatoka kimesimama. Sikuwahi kufanya kazi ambayo kesho yake bado ipo. Sakafu ya uwanja wa ndege niliisafisha, na kabla sijafika mwisho wake, mwanzo wake ulikuwa umeshakanyagwa.

Jambo moja lilinisumbua tangu siku ya kwanza. Yule mzee alinipa mkono akaniambia nimwite kwa jina lake. Wakati ule Waswidi walikuwa wanaacha kuitana bwana fulani na bibi fulani. Hata wakubwa walitaka waitwe jina tu. Alikuwa na umri wa babu yangu. Kumwita jina lake kavu ningehisi nimemvua kofia mbele za watu. Kwa hiyo sikumwita chochote. Nilipomhitaji, nilikwenda nikasimama karibu naye mpaka anione. Wakati mwingine alikuwa ameinamia msumeno, nikasimama muda mrefu.

Sasa rudi kwenye chupa. Kifuniko ni nusu tu ya shida. Chupa ilikuwa ya plastiki ngumu, na gundi hutoka kwa kuifinya. Kufinya ni jirani wa kukamua. Siku za mwanzo nilifinya nikiwa nimeuma midomo. Kisha, bila kuamua, nikaanza kufinya kidogo. Tone moja kwenye ulimi, tone moja kwenye tundu, nikalisambaza kwa kijiti. Kiti kilisimama. Nikajiambia, kumbe gundi nyingi ni ufujaji.

Siku moja katika mwezi wa pili mzee aliokota kile kifuniko chekundu, akakigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Tuna mbwa humu ndani?" akauliza.

"Hapana."

"Panya?"

"Sijamwona."

"Panya huyu ana meno makubwa." Akanitazama mikono, si uso. "Mikono yako, hali yake je?"

"Nzuri, asante," nikasema.

"Vizuri," akasema, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama na kiti mkononi. Nilikuwa namngojea. Kwetu, hata mgonjwa aliyelala kitandani akiulizwa hujambo, anajibu sijambo. Anaulizwa habari za tangu jana, anasema nzuri. Anaulizwa usingizi je, anasema niliupata kidogo. Ndipo mara ya nne, mwenye kuuliza akishavuta kigoda na kukaa, mgonjwa anasema, "Isipokuwa huu mgongo." Ukianza na mgongo mara ya kwanza, unaonekana huna adabu, umemtupia mtu mzigo kabla hajaingia mlangoni. Mimi nilikuwa nimetoa lile jibu la kwanza tu. Nilingoja la pili siku nzima. Mzee alipita mara nyingi, akaniuliza patasi iko wapi, akaniuliza kama nimekula. Mikono hakuitaja tena.

Jioni tulipokuwa tunakula, shemeji aliniona nimeshika kijiko kwa ngumi.

"Shemeji, lete mkono huo," akasema. "Ah! Kidole hiki ni cha bibi yangu mzaa baba. Nilikiacha Kilosa. Umekipataje?"

"Kimekuja kukutafuta," nikasema. "Kinasema hukuaga."

"Mwache mdogo wangu ale," dada akasema, lakini alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka. "Umemwambia mzee wako wa viti?"

"Aliuliza leo."

"Ukamwambiaje?"

"Nilisema nzuri. Nikangoja aulize tena."

Shemeji aliweka kijiko chini. "Huyo haulizi tena, shemeji. Hapa wanauliza mara moja, wanakuamini. Sikiliza. Mwaka wangu wa kwanza msimamizi wangu alinialika kwake. Mkewe akanipitishia sahani ya viazi. Nikasema, asante, nimeshiba. Sijala tangu asubuhi! Nilikuwa nangoja anilazimishe kama mtu. Mama wa watu akasema, haya, akaipeleka jikoni. Nikasikia mlango wa friji unafungwa. Niliusikia kwa tumbo."

"Ukafanyaje?"

"Nikasifia mapazia."

Dada hakucheka safari hii. "Mtu akikuuliza hujambo, hiyo ni salamu," akaniambia. "Akiuliza mikono, huyo anauliza mikono. Kesho umwambie."

Sikumwambia kesho yake, wala keshokutwa. Niliona nikisema nitakuwa nimeiandika ile barua mwenyewe: haiwezi kazi. Nikaendelea na matone yangu.

Wiki iliyofuata viti vinne vilirudi. Vilikuwa vya mkahawa mmoja, niliviunganisha mwenyewe, na vyote vilikuwa vimelegea. Mzee alivipanga kwenye mstari juu ya sakafu. Akakishika cha kwanza, akavuta kiunganishi kwa vidole viwili, kikatoka kama jino la mtoto. Ulimi wa mbao ulikuwa karibu mkavu, una alama ndogo nyeupe upande mmoja.

"Gundi haikutosha," akasema.

Nikaitazama ile alama nyeupe.

"Vyote vinne hivyo hivyo. Ulikuwa na haraka?"

Nikatikisa kichwa.

"Umebakiza wiki nne," akasema. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mimi nikiandika barua, naandika nilichokiona. Sijui kuandika kitu kingine."

Nyumbani niliitunga sentensi. Niliiandika kwenye bahasha kwa Kiswidi, dada akanisahihishia, nikaisoma kwenye treni mpaka nikaikariri. Nina ugonjwa kwenye viungo vya mikono na siwezi kufinya chupa. Haikuwa ndefu. Nilishuka nayo kituoni kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Mzee alikuwa amefika kabla yangu, anawasha taa za juu ya meza. "Habari za asubuhi," akasema. "Na hali yako leo?"

"Nzuri, asante," nikasema.

Ulimi ulikuwa umeshatangulia. Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaanza kuelekea kwenye msumeno wake. Nikauona mgongo wake unakwenda, na nikajua akishauwasha hatasikia kitu. Nilitaka kumwita na sikuwa na cha kumwita.

"Fundi!"

Likatoka hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia mle ndani. Akasimama. Akageuka.

"Mimi?"

"Ndiyo. Sijamaliza kujibu."

Akarudi, akavuta kimoja cha vile viti vinne, akakitazama, akakumbuka, akavuta kingine kizima. Akakaa.

Ile sentensi ya kwenye bahasha ilikuwa imeshamwagika yote. Nikaweka mikono juu ya meza, chini ya taa. "Si nzuri," nikasema. "Mikono si mizuri. Inauma. Chupa siiwezi."

Akainama kuitazama. Hakuigusa.

"Tangu lini?"

"Kabla sijaja hapa."

"Wiki iliyopita nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ukasema nzuri."

"Kwetu tunaanza na nzuri."

Akafikiri. "Na mnamaliza na nini?"

"Inategemea umeulizwa mara ngapi."

Akatoa pumzi puani, nusu ya kicheko. Kisha akasogeza chupa mbele yangu. "Nionyeshe."

Nikaishika kwa mikono miwili. Nikafinya. Nikaiweka tumboni nikaisukuma kwa kigasha cha mkono. Tone moja likachungulia kwenye mdomo wa chupa, likarudi ndani.

"Kwa hiyo haikuwa haraka," akasema.

"Haikuwa haraka."

"Na yule panya?"

"Ni mimi."

Nilingoja aseme pole, kisha aseme kile kinachofuata baada ya pole. Hakusema pole. Akasema, "Kama huwezi kutia gundi, siwezi kuandika kwamba unaiweza kazi."

"Najua."

"Lakini kiti hakijui gundi imetoka kwenye chombo gani." Akainuka. "Uliniita nani?"

"Fundi. Ni mtu anayejua kazi. Siwezi kukuita jina lako."

"Sawa," akasema, na toka siku hiyo aliitikia jina hilo.

Wiki ile tulitafuta gundi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: aina moja kwa siku, mimi peke yangu, bila yeye kugusa. Nafungua, natayarisha, naunganisha vipande vinne vya mbao kama miguu ya kiti, naviacha. Kesho yake yeye anavivuta kwa nguvu zake zote. Mambo mawili yalitakiwa kutokea kwa pamoja, gundi ishike na mimi nisiumie. Moja bila jingine halikumfaa.

Tulianza na gundi ya ngozi, ya zamani, aliyoitumia baba yake. Ilikuja kwa chembechembe zenye rangi ya asali, unazilowesha jioni, asubuhi unazipasha kwenye chungu kilichokaa ndani ya chungu kingine chenye maji. Ilinuka kwato. Lakini niliipenda kuliko zote. Haikuwa na kifuniko cha kuzungusha, haikuwa na cha kufinya. Unachovya brashi na kupaka. Na lile joto! Asubuhi mikono yangu ilikuwa kama imeazimwa kwa mtu mwingine, nikaizungushia kile chungu, na kabla gundi haijayeyuka vidole vikawa vyangu. Nikapaka ulimi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika wa nne, wa kwanza ulikuwa umeshaganda kama uji uliopoa. Mle chini mlikuwa na baridi, na gundi ile ikipoa tu, imekwisha.

"Baba yangu alikuwa anakimbia kuzunguka kiti," fundi akasema. "Sisi watoto tulikuwa tunamcheka."

Mimi nisingeweza kukimbia. Moyo wangu ulibaki kwenye kile chungu, lakini niliiacha.

Siku ya pili ilikuwa gundi ya unga, ya kuchanganya na maji. Kopo lake nililifungua kwa kubandua kwa mpini wa kijiko, nikasukuma kwa kiganja, bila taabu. Kisha ikabidi kukoroga, na ilikuwa nzito. Mtu aliyewahi kusonga ugali wa watu kumi anajua kazi ya kifundo cha mkono. Hii ilikuwa kusonga ugali kwa kijiti chembamba. Nilisonga mpaka machozi yakanilenga. Gundi ilishika vizuri sana. Fundi akavuta, akavuta, mbao ikapasuka lakini kiungo hakikuachia.

"Hii ni imara," akasema.

"Ni imara," nikasema. Kisha nikajilazimisha kuendelea. "Isipokuwa mkono wangu unauma mpaka begani."

Akaliweka kopo kwenye rafu ya juu.

Siku ya tatu tulikwenda dukani, duka la rangi na zana karibu na kituo. Fundi akapanga chupa za gundi nyeupe juu ya kaunta, za kila namna, akaniambia, "Finya." Nikaona haya. Wateja wawili walikuwa nyuma yetu. Nikafinya moja, nikafinya nyingine, nikajaribu kuzungusha vifuniko.

"Hizo si nyanya," mwenye duka akasema.

"Anachagua," fundi akamjibu, bila kugeuka.

"Gundi ni gundi."

"Basi nipe moja unayoweza kuifungua kwa kiwiko."

Mteja mmoja akacheka. Mwenye duka akanitazama, na nadhani ndipo alipoiona mikono yangu, kwa sababu aliacha maneno akaanza kutafuta chini ya kaunta. Chupa laini zilikuwepo, lakini zilikuwa ndogo, za kazi za shule, na vifuniko vyake vilikuwa kama shanga. Nilikwisha kukata tamaa nilipoona nyuma yake ndoo ndogo nyeupe, yenye mpini wa waya na mfuniko mpana wa kubandua.

"Ile ni nini?"

"Gundi ile ile nyeupe," akasema. "Ila hiyo inachelewa kukauka. Wanaitumia kwa kazi kubwa, meza ndefu, kabati. Kwa viti itakuchosha kungoja."

"Inachelewa kiasi gani?" nikauliza. Sikuwa nimewahi kumuuliza mtu dukani swali la pili.

"Unaweza kunywa kahawa ukarudi, bado inateleza."

Nikamtazama fundi. Hakunisaidia. Alikuwa anasoma kibandiko cha kopo la rangi kana kwamba kuna habari humo.

"Tuchukue hiyo," nikasema.

Ile ndoo niliifungua kwa kuusukuma mfuniko na kiganja kwenye ukingo, kidogo kidogo nikiuzunguka. Kila asubuhi nilichota kwa upawa kiasi cha siku, nikaitia kwenye kikombe kipana cha udongo, na juu yake nikafunika kisosi na kitambaa chenye unyevu, isifanye utando. Hakuna hesi, hakuna kifuniko cha kunata. Tatizo lililobaki lilikuwa brashi, maana mpini wake ulikuwa mwembamba na vidole vililazimika kuubana. Nikauzungushia tambara na uzi mpaka ukawa mnene kama gunzi la mahindi, nikaushika kwa kiganja kizima. Kwa ndani ya matundu nilitengeneza brashi nyingine ndogo, nayo nikainenepesha vivyo hivyo. Vibano vya kukazia tulivipachika bomba refu kwenye mpini; nilikuwa nabonyeza chini kwa kigasha, kwa uzito wa mwili.

Nikavirudia viti vinne vya mkahawa. Gundi mpya haishiki juu ya ile ya zamani, kwa hiyo nilianza kwa kuvifungia ndimi zake vitambaa vilivyochovywa kwenye siki ya moto, fundi akavikamua yeye, mpaka ile nyeupe ikalainika na kukwanguka bila nguvu. Nikapaka ndimi pande zote, nikapaka matundu, nikarudi kwenye ulimi wa kwanza na bado ulikuwa unang'aa. Sikuamini. Nilikuwa nimezoea kushindana na gundi, na hii ilikuwa inaningoja. Nilipumzisha mikono katikati ya kiti, nikaiweka kwapani ipate joto, nikaendelea.

Vilinichukua siku mbili. Fundi angevimaliza kabla ya chakula cha mchana, na nilimwona akitazama saa mara moja. Siku ya tatu akavifungua vibano. Akainua kiti cha kwanza kwa kushika kiunganishi kimoja tu, akakitikisa. Akakikalia. Akakiinamisha kwenye miguu miwili ya nyuma, akajibembeza, jinsi watoto wanavyokatazwa kila siku. Akahamia cha pili. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Cha tatu kililia, akasimama, akapiga magoti, akakichunguza. Ilikuwa ni msumari wa kitambaa cha kukalia. Akakaa tena. Cha nne alikibembeza kwa muda mrefu kuliko vyote.

"Mkahawa wanaweza kuvichukua," akasema.

Havikurudi. Wiki zilizobaki nilitengeneza vingine, na hivyo pia havikurudi.

Barua aliiandika siku ya Ijumaa, kwenye karatasi ya karakana, na akanipa niipeleke mwenyewe. Haikuwa imefungwa. Nikaisoma kwenye treni, neno kwa neno, na nyumbani dada akaisoma tena kwa sauti ili niwe na hakika. Ilikuwa na mistari mitatu. Anafanya kazi polepole. Ana ugonjwa wa mikono, na gundi yake anaichagua na kuitayarisha mwenyewe. Anaiweza kazi, na ningependa abaki.

"Ameanza na hilo la polepole," shemeji akasema.

"Ni kweli," nikasema.

"Mie ningeanza na lile la mwisho."

Jumatatu nilipofika, meza yangu ya kazi ilikuwa imepinduliwa, miguu juu. Nilidhani nimekosea mlango. Fundi akaniambia nisimame wima na nikunje mkono. Akapima kwa rula kutoka sakafuni mpaka kiwiko changu, akaandika ukutani kwa penseli. Meza ile ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mwenzake aliyestaafu, naye alikuwa mrefu kama yeye. Miezi yote mitatu nilikuwa nimeifanyia kazi nikiwa nimeinua mabega, wala sikuwa nimeona kwamba hilo nalo ni jambo la kusema.

"Ukiikata hataiweza mtu mwingine," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Shika hapa. Kwa kiganja."

Nikaushika mguu wa kwanza, akakata.